Mtu Asiyeua Siafu

"Mtu ambaye hata siafu haui, mbona mke wake anazidi kukonda?"

Priscilla, jirani, alimuuliza Orpah swali hilo siku moja wakianika nguo, ua wa minyaa ukiwa katikati yao. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, huku akikung'uta shuka. Orpah alikuwa amebana vibanio viwili kwa meno, akashukuru, maana vilimpa sababu ya kutojibu.

Aliyeulizwa habari zake alikuwa Mwalimu Zadock, bosi wa Orpah. Huyo Zadock alifanya kazi Nairobi na shirika la misaada kwa miaka mingi. Wakampeleka India kwa kozi ya miezi miwili, akarudi na nguo nyeupe za pamba, shanga za mbao shingoni, na neno moja alilolitamka kama mtu anayelamba asali: ahimsa. Maana yake, aliwaambia watu, ni kutodhuru. Alipostaafu alirudi nyumbani kwao chini ya kilima cha Asego, pembeni mwa mji wa Homa Bay, akajenga banda la mviringo lenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa, akaanza kufundisha yoga. Waliomjia walikuwa wanawake wenye migongo iliyochoka: washonaji, walimu wa shule, wauza omena wanaoinama kutwa nzima kugeuza samaki juani. Na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi lilikuja kundi zima kutoka Migori.

Langoni alitundika ubao uliosema kwamba hapa hakiuawi kiumbe. Nyama haikuingia, wala samaki, katika mji ambao harufu ya samaki inakupokea kabla ya watu. Buibui alitolewa nje ndani ya glasi, kwa heshima zote, kama mgeni aliyekosea mlango. Mbu walipepewa kwa kitambaa. Orpah, aliyewahi kuzika mtoto kwa malaria, aliwaua mbu wake kimyakimya jikoni, akawafuta kwa aproni, na jambo hilo hakuliungama kwa Mungu wala kwa Mwalimu.

Alikuwa mjane wa miaka tisa, Mkisii na Mwadventista wa upande wa Isebania, ambako marehemu mumewe alikuwa akipakia malori mpakani. Dada mmoja wa kanisani ndiye aliyemtafutia kazi hii ya huku ziwani: kufagia banda, kufua mikeka ya mazoezi, na akipenda, kukaa mstari wa nyuma na kujinyoosha na wenzake. Kabla ya kukubali alimwendea mchungaji amuulize kama yoga ni dhambi. Mchungaji alifikiri kidogo, akasema kunyoosha viungo si dhambi, ila aangalie anainamia nini. Tangu siku hiyo Orpah alikuwa akiangalia.

Na haki isemwe, mgongo wake ulipata nafuu. Alijifunza kuvuta pumzi mpaka tumboni na kuitoa polepole, na pumzi hiyo ilimzuia mara nyingi kusema neno ambalo lingemfukuzisha kazi. Kwenye rafu ya banda alikuta kitabu chembamba cha Kiswahili chepesi, kilichoeleza kwamba kutodhuru kunaanza kwenye fikira, kunakuja kwenye ulimi, kisha kunafika mikononi. Kuwaza vibaya juu ya mtu ni kumdhuru. Kuulazimisha mwili wako mwenyewe ni kuudhuru. Chakula kilitajwa mara moja tu, ukurasa wa mwisho. Orpah alikisoma mara tatu, akaona kwamba Mwalimu alikianzia nyuma na hakuwahi kufika mbele.

Kwani si yeye aliyemuumiza Nyasuguta? Nyasuguta alikuwa mama mnene wa kundi la Migori, muuza nafaka, mwenye ulimi usiolala. Mwezi uliopita magoti yake yalikataa kushuka hadi sakafuni, Mwalimu akayakandamiza kwa mikono miwili mpaka nyonga ikalia, akamwambia maumivu ni ubishi wa mwili. Nyasuguta akamwambia mwili wake haujawahi kubishana na mtu, labda na ngazi. Watu wakacheka, Mwalimu akacheka nao. Lakini mama yule alirudi kwenye gari akishika ukuta.

Orpah alimdharau Mwalimu bila haraka, kama mtu anayechambua mchele, jiwe moja baada ya jingine, na kila jiwe akiliweka kando mahali anapoweza kuliona.

Jiwe kubwa kuliko yote lilikuwa Pamela.

Pamela alikuwa mke wa Mwalimu. Majirani walimwita Nyar Suna, yaani binti wa Suna, kwa sababu kwao ni Masara, huko Migori wanakochimba dhahabu. Mvua za kwanza ziliponyesha, siafu waliingia kwenye kibanda cha kuku. Kuku mmoja alikuwa ameangua vifaranga kumi na mmoja. Pamela alipoisikia kelele na kufika, sita walikuwa tayari ni vidonge vyeusi vinavyotambaa. Akachota majivu ya moto jikoni, akamwaga, akachota tena, akamwaga. Akamwokoa kuku na vifaranga watano, na miguu yake mwenyewe ikawa imeng'atwa mpaka magotini.

Mwalimu alitoka bandani kwenye tafakari yake ya asubuhi. Akayatazama majivu. Akautazama ule mstari mweusi uliojikunja. Miguu ya mkewe hakuitazama.

"Umelijaza boma langu maiti," alisema.

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa Pamela. Mchana ule alisukuma sahani yake, taratibu, kwa kidole kimoja, bila hata kugonga meza. Jioni hivyo hivyo. Hakuwahi kumwinulia mkewe mkono tangu amwoe. Kila mtu alijua, maana mwenyewe alihakikisha wanajua. Safari hii aliacha tu kumwona. Pamela akisimama mlangoni, Mwalimu alisubiri kama mtu anayesubiri upepo umalize kuusukuma mlango. Pamela akimuuliza jambo, alifumba macho, akavuta pumzi.

Kisha akamwita Orpah, akamwambia kuanzia sasa yeye ndiye atakayempikia, kwa sufuria yake mwenyewe, kwa sababu mikono ya nyumba ile ilikuwa imeingiwa na ukatili.

Orpah alikubali. Hapo ndipo alipokosea, na baadaye alijisema vibaya kuliko mtu mwingine yeyote angeweza kumsema. Kwao, bosi akisema pika, unapika. Na kulikuwa na kiburi ndani yake pia, asikane. Ndengu zake zilisifiwa. Mara mbili kwa siku alivuka ua na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa safi, akampita Pamela aliyekaa kwenye ngazi za jikoni na chakula chake kinachopoa mapajani.

Siku ya kumi na nne, Priscilla alimwita pale kwenye minyaa.

"Nyar Kisii," alimwambia, "nyinyi kwenu hamna macho? Wewe ni mjane. Mume wa mtu anarudisha sahani ya mkewe, anakula ya mjane, ndani ya boma hilo hilo. Huku kwetu hilo si pishi, hilo ni tangazo."

Akamweleza yote, kwa subira, kama anayemwelekeza mgeni njia. Mwanamume wa huku akiacha kula chakula cha mkewe, amemwambia nenda bila kufungua mdomo. Na mke akiondoka kimya, basi ameondoka kwa miguu yake. Ndugu zake ndio watakaomrudisha wakiomba msamaha, na akichelewa, nyumba inapata mwenyewe mwingine. Tena watu tayari walikuwa wanasema mwenyewe mwingine anajua kupika ndengu. Lakini ikionekana mbele ya mashahidi kwamba mume ndiye aliyekataa sahani, mambo yanageuka: yeye ndiye atakayefunga safari kwenda kwa wakwe, akae kwenye kiti cha chini, aulizwe.

Orpah alirudi jikoni akakaa juu ya gunia la makaa. Wiki mbili alikuwa amebeba rungu la mtu mwingine, na alilibeba amelifunika kwa kitambaa cha maua.

Angeacha siku ile ile, lakini aliogopa kazi yake. Hilo nalo aliliweka kwenye mawe, upande wake.

Halafu simu ikapigwa kutoka Migori. Alikuwa James, kaka yake Pamela. Mama yao amelazwa, kifua. Miaka yote ile ya kuponda mawe ya dhahabu na kumeza vumbi lake ilikuwa imefika mwisho wa subira. Daktari aliwaambia watu wa nyumbani waje mapema. Pamela alikwenda kwa mumewe bandani akapiga magoti, akamwomba ruhusa. Hakuomba nauli, alikuwa nayo. Aliomba neno, nenda salama, aondoke kama mke anayekwenda kumwona mama yake na si kama mke aliyefukuzwa. Mwalimu alifumba macho. Pamela akarudi kesho yake. Akarudi keshokutwa. Orpah alikuwa akifagia, alimwona Mwalimu siku ile ya tatu akiinama mbele ghafla, akadhani anamwinua mkewe. Kumbe alikuwa akimwokoa mdudu aliyekuwa amelala chali karibu na goti la Pamela.

Sabato hiyo Orpah alikaa kanisani na nyimbo hazikupanda. Alijaribu kumwombea Pamela, maombi yakageuka kuwa mashtaka juu ya Zadock. Alijaribu kumwombea Zadock, akaona anamtukana mbele za Mungu kwa maneno mazuri. Akakumbuka kile kitabu chembamba, kwamba kuwaza vibaya ni kudhuru. Basi yeye naye alikuwa amedhuru mno, mwezi mzima, huku mikono yake ikinukia sabuni. Lakini hakuweza kumwona Mungu akimtaka amheshimu mtu yule. Alichoweza kukiona ni sahani. Aache kuibeba. Hilo halikuhitaji upendo, lilihitaji tu kutowasha moto.

Jua lilipozama na Sabato kuisha, alimwendea Pamela kwenye ngazi zake.

"Kesho sipiki," alimwambia. "Kesho wanakuja watu wa Migori. Wewe ndiwe utakayepika."

Pamela akasema Mwalimu atairudisha sahani. Atairudisha mbele ya wageni.

"Airudishe," Orpah akasema. "Akila, umepata ruhusa yako. Asipokula, watu kumi na wawili wa kwenu watakuwa wameona ni nani aliyemfukuza mwenzake. Amekuwa akikupiga kwa sahani yangu, mama. Nisamehe. Kesho atafute yake."

Pamela hakusema amesamehe. Aliuliza kama kuna maziwa ya kutosha kwa kunde.

Jumapili kundi la Migori lilikuja kumi na wawili, Nyasuguta akichechemea mbele yao. Walinyoosha migongo, walipumua, walilala chali. Kisha Mwalimu akakaa mbele yao amekunja miguu, mikono magotini, shuka jeupe limepangwa vizuri, akafundisha.

Siku hiyo somo lilikuwa ulimi. Alisema watu wengi wanadhani ahimsa ni kuacha nyama tu. Orpah, mstari wa nyuma, aliinua kichwa; kwa dakika moja alifikiri labda amefika kwenye kurasa za mbele. Mwalimu akaendelea kwamba neno kali ni jiwe, na kwamba yeye mwenyewe, kwa neema na mazoezi, hakuwa ametamka neno kali nyumbani kwake kwa siku ishirini na tatu. Alizitaja siku hizo kama mtu anayeonyesha cheti. Wageni waliguna kwa kusifu. Mmoja aliandika kwenye daftari.

"Na mwenzio naye anasemaje?" Nyasuguta aliuliza.

Mwalimu akatabasamu. Akasema kimya ni lugha ambayo si wote wameisomea.

Pamela aliingia na birika na beseni. Aliwanawisha wageni mikono mmoja mmoja, akaanzia kwa mkubwa, maji ya vuguvugu, taulo begani. Alipofika kwa mumewe, Mwalimu alisita, lakini macho yalikuwa mengi, akanyoosha mikono akanawa. Kisha chakula kikaja: ugali, kunde zilizopikwa kwa maziwa, bila kitunguu, bila saumu, jinsi alivyotaka yeye. Kila mtu akapata sahani yake. Ya Mwalimu aliiweka mwisho, mbele ya magoti yake, akapiga magoti upande wa pili.

"Baba Bravin," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, na sauti yake ilikuwa kavu kwa kutotumika, "leo ni siku ya tisa mama yangu amelazwa Migori. Nakuomba neno moja. Kama neno ni zito, basi tonge moja."

Hakuna aliyekula. Wanawake wa Migori hawakuhitaji kuelezwa. Kila mmoja alijua sahani ni nini. Hata yule wa daftari alilifunga.

Mwalimu aliitazama sahani. Orpah, aliyekuwa ameahidi kumdharau mpaka mwisho, alijikuta anaomba kwa nguvu ambazo hakuzipata kanisani: mega, mega tu, hata usimeze. Na kweli mkono wa Mwalimu ulisogea. Vidole vilifika kwenye ukingo wa sahani.

Kwenye ukingo ule kulikuwa na sisimizi mmoja.

Mwalimu alimwona, na uso wake ulilainika, ukawa uso wa mtu mwema. Alichukua jani la kunde, akalilaza, akamsubiri sisimizi apande. Sisimizi alizunguka, akarudi, akapanda. Mwalimu akainuka, akambeba kupita katikati ya wageni kumi na wawili na mke aliyepiga magoti, akatoka mlangoni, akamweka kwenye nyasi. Alirudi akijifuta vidole.

"Mnaona," aliwaambia. "Hata huyu."

Akakaa. Akaisukuma sahani kwa kidole kimoja. Kisha akamgeukia Orpah, kwa upole wake ule ule, akamuuliza chakula chake kiko wapi.

Orpah alivuta pumzi mpaka tumboni, akaitoa polepole, kama alivyofundishwa na mtu huyo huyo.

"Hicho hapo, Mwalimu," alisema. "Nyumba hii ina jiko moja."

Kwa mara ya kwanza tangu Orpah amjue, Mwalimu Zadock alikosa mahali pa kuyaweka macho. Aliyafumba, ikawa haitoshi, akayafumbua, na wale wanawake walikuwa bado wanamtazama, si kwa hasira, bali kama wanavyotazama kitu sokoni ambacho muuzaji alikisifu sana na sasa wamekigeuza wakaona chini yake. Nyasuguta aliinua ile nyonga yake mbovu, akajikokota juu ya mkeka, akaivuta sahani iliyokataliwa mpaka mbele yake. Akamega tonge kubwa, akachovya kwenye kunde, akala. Akasema, kama anayetoa ushahidi, kwamba chakula hiki hakina kosa lolote. Akampa wa kando yake naye amege.

Pamela bado alikuwa amepiga magoti. Aliangalia sahani yake ikipita mkono kwa mkono. Kisha akajifungua leso kiunoni, akaikunja mara mbili, mara nne, akailaza sakafuni mahali sahani ilipokuwa. Akainuka. Nyuma ya mlango kulikuwa na mkoba mdogo ambao hakuna aliyemwona akiuweka, akautundika begani.

"Pamela," alisema Mwalimu.

Lilikuwa neno moja, na si kali. Lilichelewa siku ishirini na tatu na dakika chache. Pamela hakugeuka.

Orpah alikwenda mpaka mlangoni akamtazama anavyoshuka kuelekea langoni, mgongo umenyooka. Kwenye njia, siafu walikuwa wanavuka, mstari mweusi mnene kutoka nyasi hadi nyasi. Pamela alifika, akapanua hatua, akawavuka bila kumgusa hata mmoja wala kuangalia nyuma kama kuna anayemwona, akapita chini ya ule ubao, akaenda bila neno jingine.